Ua la Usambara Mbele ya Waamuzi

Ndugu msomaji, mtu anayetaka kupeleka ua lake mashindanoni kwa mara ya kwanza aghalabu huanza kwa kuuliza habari za ukumbi, za meza na za zawadi. Leo nakuomba tuanzie mbali na ukumbi. Tuanzie Muheza, mkoani Tanga, tupande mlima mpaka Amani, kisha tulifuate ua moja dogo lililotoka katika misitu ile likavuka bahari, hadi tulikute limewekwa mezani huku waamuzi wakilizunguka na kalamu mikononi. Safari ni ndefu, lakini ina faida yake. Karibu kila jambo ambalo mwamuzi hulitafuta katika ua hilo lilikwisha kuandikwa zamani juu ya mwamba wa Usambara, na anayeanza akiusoma mwamba ule vema hatakuwa mgeni sana ukumbini.

Ua lenyewe ni lile ambalo Waingereza na Wamarekani huliita urujuani wa Afrika, na Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Majani yake ni ya mviringo, manene, yenye vinyweleo laini kama mahameli. Hujipanga duara kama sahani, na katikati ya sahani hiyo hutokea maua madogo ya zambarau yenye vitone vya manjano. Leo zipo aina nyingi mno zilizozalishwa na wataalamu, nyeupe, waridi, nyekundu, zenye petali moja moja na zenye petali zilizosongamana. Utaziona kwenye madirisha ya majiko huko Ulaya na Marekani, na wengi wanaozimwagilia kila wiki hawajui kwamba asili yake ni milima ya kwetu.

NJIA YA AMANI

Muheza ni mji uliosifika kwa machungwa, na uko kiasi cha kilomita 35 kutoka Tanga mjini. Ukiuacha mji huo na kushika njia ya kuelekea Usambara Mashariki, utafika chini ya mlima mahali paitwapo Zigi. Hapo ndipo ilipoishia reli ndogo iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Reli haipo tena, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni imebaki, na imekuwa kituo cha kuwapokelea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Kutoka Zigi barabara hupanda kwa kona baada ya kona. Joto la pwani hupungua, hewa huwa nzito kwa unyevu, na miti hukutana juu ya barabara kama paa la nyumba. Amani yenyewe iko kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1902 Wajerumani waliweka hapo chuo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakaleta miti na mazao ya kila pembe ya dunia kuyajaribu. Mwaka 1997 Serikali ya Tanzania iliutangaza msitu huo kuwa hifadhi.

Waombe waongozaji wakuonyeshe mahali urujuani wa Usambara unapoota. Usitazamie kuukuta uwandani, kwani makao yake ni kwenye miamba iliyofunikwa na kivuli cha miti mikubwa, mara nyingi karibu na vijito. Chunguza vizuri, ndugu msomaji, maana hapa ndipo somo lilipo.

Kwanza, mwanga. Jua halimpigi mmea huu usoni. Mwanga humfikia ukiwa umechujwa na majani ya miti, ukiwa mwororo, lakini haukosekani mchana kutwa. Pili, maji. Mwamba daima una unyevu, lakini maji hayatuami. Hupita yakaenda zake. Tatu, udongo. Udongo ni haba, ni majani yaliyooza na kujikusanya katika nyufa za jiwe, mwepesi na wenye kupitisha hewa. Nne, umbo. Majani yamelala karibu na mwamba, kila moja limejitafutia nafasi yake ili lipate mwanga bila kumfunika mwenziwe. Ile sahani iliyopangwa sawasawa, ambayo waamuzi huisifu ukumbini, ni njia ya mmea kujipatia riziki gizani.

KUTOKA TANGA HADI GHENT

Wenyeji wa milima hii wamepita kando ya ua hilo tangu enzi. Katika vitabu vya wanasayansi wa Ulaya, hata hivyo, liliingia kwa kuchelewa. Sir John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka vielelezo mwaka 1884. Mwaka 1887 alipeleka vingine mmisionari W. E. Taylor, yule yule aliyekusanya methali za Waswahili na kusaidia kuhifadhi mashairi ya Muyaka wa Mombasa. Vielelezo vyao vilifika bustani ya Kew, London, lakini havikuleta jina jipya.

Mwaka 1892, wakati nchi hii imo chini ya ukoloni wa Wajerumani, mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire. Alimpelekea baba yake Ujerumani ua hilo, na baba akamkabidhi Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland alilipa jina la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya ukoo wa yule mkuu wa wilaya. Jina hilo la kitaalamu limebadilika: tangu mwaka 2015 wanasayansi wameliunganisha ua hili na jamaa zake wa jenasi ya Streptocarpus. Watu wa kawaida, pamoja na wanamashindano, wangali wakitumia jina la zamani.

Mwaka ule ule wa 1893 ua hilo liliwekwa katika maonyesho makubwa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji. Huko, pamoja na okidi moja kutoka Bukini, lilitajwa kuwa miongoni mwa mimea mipya iliyowavutia watu kuliko yote. Basi utaona kwamba tangu siku zake za mwanzo ughaibuni ua la Usambara limekuwa ua la maonyesho.

Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary, mjini Erfurt, ilianza kuuza mbegu zake. Katika miaka ya 1920 wenye bustani wa Armacost na Royston, mjini Los Angeles, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakaotesha miche mingi, wakaichuja hata wakabakiwa na aina 10 walizoziona bora. Mojawapo iliitwa Blue Boy. Kutoka hizo 10 vizazi viliendelea kuzaliana. Mwaka 1946 maonyesho ya ua hili peke yake yalifanyika mjini Atlanta, na mwaka huo huo kikaundwa Chama cha Urujuani wa Afrika cha Marekani. Chama hicho ndicho kilichoandaa kanuni ambazo vilabu vingi huzifuata hadi leo.

Kwa nini ua hili lilipendwa na watu wa mijini? Kwa sababu halidai shamba. Mtu anayeishi katika chumba kimoja cha kupanga, asiye na hata hatua moja ya bustani, anaweza kulilea dirishani au chini ya taa ndefu za tyubu baada ya kutoka kazini.

ALAMA MIA MOJA

Sasa tuingie ukumbini. Mgeni wa mashindano hudhani kwamba waamuzi watatazama ua, yaani rangi yake na ukubwa wake. Hebu tazama jinsi chama kile cha Marekani kinavyogawa alama 100 kwa mmea wa kawaida wenye shina moja. Mpangilio na umbo la majani ni alama 30. Wingi wa maua ni alama 25. Hali ya mmea, maana yake usafi, afya na utunzaji, ni alama 25. Ukubwa na aina ya maua ni alama 10 tu, na rangi ni alama 10.

Piga hesabu hiyo mara ya pili. Alama 20 za mwisho zinategemea zaidi aina ya mmea uliyoipata. Alama 80 zilizosalia zinategemea mikono yako. Mwenye pesa anaweza kununua aina adimu, lakini hawezi kununua majani yaliyogeuzwa kuelekea mwanga kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Hapo ndipo mfanyakazi mwenye dirisha moja husimama sawa na tajiri mwenye nyumba ya kioo.

Jambo jingine linalomfaa anayeanza ni kwamba kila mmea hupimwa kwanza kwa kipimo hicho, si kwa kulinganishwa na jirani yake. Mmea uliopata alama 90 na zaidi hupewa utepe wa buluu, wa alama 80 hadi 89 utepe mwekundu, na wa 70 hadi 79 utepe mweupe. Mimea kadhaa yaweza kupata utepe wa buluu siku moja. Kwa hiyo usiulize, “Nitamshinda nani?” Jiulize, “Mmea wangu umepungukiwa na nini?”

Lakini zipo kanuni zisizo na huruma. Mmea sharti uwe umekaa mikononi mwako muda usiopungua miezi 3, ili mtu asinunue ushindi dukani siku ya Ijumaa. Mmea wa shina moja usiwe na chipukizi lililogeuka kuwa shina la pili. Mimea midogo isizidi inchi 6 kutoka ncha ya jani hadi ncha ya jani la upande wa pili, na ile inayoifuata kwa udogo isizidi inchi 8. Waamuzi hupima kwa rula. Mmea uliozidi huondolewa hata ukiwa mzuri namna gani.

MWAKA MMOJA WA MALEZI

Maandalizi huanza na jani moja. Mwombe rafiki mwenye mmea wenye afya akupe jani lisilo changa wala zee. Kata kikonyo chake kwa mshazari, ukibakiza kiasi cha sentimita 3, ukichomeke katika mchanganyiko mwepesi wenye unyevu. Mizizi hutokea baada ya majuma machache, na baada ya miezi miwili mitatu vitoto huchomoza chini ya jani. Vitenganishe, kila kimoja katika kikopo chake. Maua ya kwanza huhitaji subira ya kiasi cha miezi 9 hadi mwaka mzima.

Katika muda huo ukumbuke mwamba wa Amani. Weka mmea mahali penye mwanga wa kutosha usio na jua kali la mchana. Dirisha la mashariki linalopata jua la asubuhi kwa upole hufaa. Ugeuze mmea robo duara kila siku mbili tatu, la sivyo majani yote yataelemea upande wa mwanga na sahani itaharibika. Chungu kisiwe kikubwa: kipenyo chake kiwe theluthi moja ya upana wa mmea. Wengi huwahurumia mimea yao kwa kuwapa chungu kikubwa, na kwa huruma hiyo huozesha mizizi.

Maji yasiwe ya baridi, kwani maji baridi yakigusa majani huacha mabaka yasiyofutika. Tumia maji ya joto la chumba. Wazoefu wengi humwagilia kwa utambi, jambo ambalo kila aliyewahi kuwasha kibatari atalielewa mara moja: uzi hupitishwa katika tundu la chini ya chungu, ncha yake ikaachwa katika kopo la maji, nao udongo hujivutia maji kwa kadiri ya haja yake. Joto linalouridhisha mmea ni kiasi cha nyuzi 18 hadi 27. Ndiyo maana msomaji wa Lushoto, Arusha au Iringa atauona wepesi kuliko msomaji wa Dar es Salaam, ambaye itambidi atafute chumba chenye hewa ya kupita.

Ng'oa machipukizi ya pembeni yakiwa bado madogo. Ondoa majani ya chini yaliyochakaa. Kisha, ndugu msomaji, linafuata jambo linalowaliza wanaoanza: matumba ya maua sharti yakatwe. Yakiachwa, mmea utatoa maua mawili matatu leo na mawili kesho, na siku ya maonyesho utakuwa mtupu. Yakikatwa mfululizo, mmea huweka nguvu zake katika majani. Inapobaki kiasi cha wiki 6 hadi 8, mkono huzuiwa, na matumba yote huachwa yapande pamoja. Hiyo ndiyo siri ya zile alama 25 za wingi wa maua.

SIKU YENYEWE

Mapema kabisa soma ratiba ya maonyesho, maana ndiyo sheria. Humo mmeandikwa makundi, saa ya kupokelewa mimea, na saa ya mwisho. Tazama kama kuna kundi la wanaoanza. Katika kadi andika kwa usahihi jina la aina ya mmea wako, kwa kuwa waamuzi hulinganisha rangi na umbo la ua na maelezo ya aina iliyotajwa. Usiandike jina kwa kubahatisha.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, pangusa kila jani kwa brashi laini, toka shinani kuelekea nchani. Ondoa ua lililonyauka pamoja na kikonyo chake. Safisha chungu. Tazama chini ya majani kama kuna wadudu. Mmea wenye wadudu hauumizi mwenyewe tu, bali huhatarisha mimea ya ukumbi mzima, na hupaswa kubaki nyumbani. Katika safari weka chungu ndani ya sanduku la karatasi ngumu, ukikizibia pembeni ili kisiyumbe, na majani yasiguse kuta. Jani moja lililovunjika huacha pengo katika duara, na pengo hilo waamuzi hulihesabu.

Ukiisha kuukabidhi mmea, ondoka. Waamuzi, ambao kwa kawaida huwa watatu, hufanya kazi milango ikiwa imefungwa. Ukirudi na kukuta utepe mweupe pale ulipotarajia wa buluu, usiuchukue mmea wako kwa hasira. Soma waliyoyaandika, ikiwa wameandika. Nenda ukasimame mbele ya mmea uliopata buluu, uhesabu safu za majani, uangalie mapengo. Mwulize mwenyewe ametumia dirisha gani. Katika mashindano ya namna hii aliyeshinda mara nyingi hukupa na jani la mmea wake uende nalo, na kwa jani hilo mwaka wako wa pili huanza.

MWAMBA USIO NA KIVULI

Hadi hapa nimesema habari za utepe. Lakini kuna hukumu nyingine ambayo haina utepe wa pili wala wa tatu.

Katika miaka ya 1970 na 1980 miti mikubwa ya Usambara Mashariki ilikatwa kwa ajili ya mbao, na mahali pengi wakulima walisafisha msitu wa chini ili kupanda iliki. Mti mkubwa ukianguka, paa la msitu hutoboka. Jua huupiga mwamba, ukungu hukauka, nyufa hubaki vumbi, na urujuani hufa bila hata mtu kuugusa. Baadhi ya jamii zake porini huishi katika eneo dogo sana, na nyingine ziko Kenya, kama ile ya milima ya Taita na ile ya miamba ya Kaloleni, karibu na Kilifi. Jamii ya namna hiyo ikipoteza mwamba wake haina mwamba mwingine wa kukimbilia.

Wala tusiseme kwamba haidhuru, kwa kuwa ua limejaa madirishani ng'ambo. Sehemu kubwa ya aina za madirishani zimetokana na mbegu chache zilizochukuliwa zamani. Watoto wa ugenini ni wengi, lakini wazee wenye urithi wote wa ukoo wamebaki mlimani. Anayetafuta mmea wenye kustahimili baridi, au ugonjwa, au wenye umbo jipya, itambidi arudi kwa wazee hao.

Kwa hiyo, ukifika Amani using'oe mche, hata mmoja, kwa kisingizio cha kuupeleka mashindanoni. Ni kosa katika hifadhi, na isitoshe mmea wa porini hauna nafasi ya kushinda aina zilizozalishwa kwa miaka mingi. Jani la rafiki litakufikisha mbali zaidi.

Ikiwa una ndugu anayeishi Marekani au Ulaya, mwandikie aulize kama katika mji wake kuna klabu ya wapenzi wa ua hili. Aende akaone meza, na mwaka ufuatao apeleke lake. Ikiwa uko hapa nyumbani, kanuni zile za alama 100 hazidai ukumbi wa fahari. Darasa la shule siku ya Jumamosi, meza sita, rula moja na waamuzi watatu waadilifu vinatosha kwa majirani wa mtaa mmoja kupimana malezi ya maua yao.

Anza na jani moja. Litafutie mwanga uliochujwa, maji yasiyotuama, udongo mwepesi na utulivu. Hayo manne ukiyatimiza kwa mwaka mzima, utakuwa umekifanya dirishani pako kile ambacho msitu wa Usambara umekifanya kwa karne nyingi, na utajua, kuliko mtu aliyesimuliwa tu, kwa nini mti mmoja mkubwa ukiangushwa mlimani hupotea pamoja na maua ambayo hayakuonwa na mtu.